Sura ya Mwisho

Kilwa Kivinje,
14 Novemba 1954

Kwa ndugu yangu mpenzi Kibwana bin Kondo, Stesheni ya Reli, Kigoma.

Assalaam alaikum.

Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima, huna homa wala kikohozi, na ule upepo wa ziwani uliokuwa ukiulalamikia umekwisha kukuzoea hata kama wewe hujauzoea. Mimi sijambo. Nakula nikashiba na afya yangu ni njema kuliko ulivyoiacha. Mama yako huko Pande hajambo pia, ila miguu bado inamvimba. Hajakutumia salamu safari hii, na sababu utaiona huko chini. Mvua za vuli zimechelewa, muhogo ni wa shida, na shule yetu imepata ubao mpya baada ya kuomba mpaka tukachoka.

Barua yako imenifikia. Unasema likizo uliyonyimwa mara mbili sasa imekubaliwa, kwamba utafika kabla ya mwaka kwisha, tena na vitenge vya Kongo, na kwamba nimwambie Mwahija ajitayarishe. Nimechelewa kujibu. Huko kuchelewa ndiko kwenye habari yenyewe, lakini unanijua, mimi sianzi kisa mkiani. Nitaanza na sinema.

Kwanza nikukumbushe kitabu. Yule bibi wa Kizungu wa bomani, siku anafunga mizigo kurudi kwao, alikugawia kwa sababu mchwa walikuwa wamekwisha kuonja jalada lake. Ukatembea nacho mji mzima, unakifunuafunua, ili kila mtu aone kuwa ndani yake hamna picha hata moja. Kila siku baada ya alasiri tulikwenda kukaa barazani kwa Bi Sada. Wewe ulikuwa ukisoma sentensi moja moja kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, watu wajue kuwa unakijua, kisha unaigeuza Kiswahili. Mwahija alikuwa ndani, nyuma ya jamvi lililotundikwa mlangoni. Haonekani, anasikika akicheka tu. Bi Sada, shangazi yake, alikaa kizingitini akisuka ukili na kukohoa kila Edwini wa kitabuni alipomsogelea Dorothi wake. Mimi nilikuwa katikati, kwa kuwa mimi ndiye niliyekupelekea posa. Mshenga hana raha, Kibwana. Anakaa karibu na asali, na kazi yake ni kuwafukuza nzi.

Hukuniuliza hata siku moja kama nami nilikuwa na neno langu kwa Mwahija. Nilikuwa nalo, tangu kabla yako. Ulikuja kwangu unatweta kwa furaha, ukaniambia nikuchukulie posa, nami nikavaa kanzu yangu nzuri nikakupelekea. Hilo sikulisahau, na sitaki kukudanganya kwamba nililisamehe.

Kisa chenyewe unakijua kuliko mimi. Dorothi, binti wa kasisi fukara, anaahidiana na Edwini. Edwini anakwenda kuwa karani katika mashamba ya chai ya nchi za mbali, miaka inakatika, barua zinapungua. Jirani yupo Bwana Habati, mgane mfuga nyuki, anamtaka Dorothi kwa adabu, bila haraka. Ulipopata kazi ya reli ilikuwa imebaki sura moja tu. Hapo ukafanya ujanja wako. Ukakifunga kitabu, ukamwambia Mwahija, yeye nyuma ya jamvi, kwamba mwisho utamsomea wewe mwenyewe siku ya harusi yenu, na mpaka siku hiyo asimwulize mtu. Kitabu ukanikabidhi mimi. Wengine huacha mkufu au kanga. Wewe uliacha hadithi haina mwisho, ukajiona umemfungia mtu ndani kwa komeo. Na ulimfungia kweli. Isipokuwa ufunguo ulinipa mimi.

Mwahija alikungoja. Sitamnyima haki yake katika hilo. Alikuja kumposa mfanyabiashara wa nguo kutoka Masoko, mtu wa heshima, akamkataa. Akaja mwingine mwenye minazi, akamkataa pia. Bi Sada alimgombeza mpaka majirani wakaona haya, na jawabu la Mwahija lilikuwa lile lile, kwamba hadithi yake haijaisha. Kila nilipopita pale aliniuliza, kutoka nyuma ya jamvi, kama umeandika. Nilimpa salamu zako zote. Sikukuibia hata moja. Ulikuwa unaandika kidogo sana, hiyo si hatia yangu.

Basi mwezi wa Mfunguo Mosi, Idi Ndogo imekwisha kupita, likaja gari la sinema la serikali. Watu walitoka bila tamaa, maana tumezoea kuonyeshwa mbu, vyoo na pamba ya wenzetu ilivyostawi. Mwendeshaji wake ni kijana mcheshi wa Milola, jina lake Ambrosi. Anafunga shuka jeupe ukutani, anawasha mashine, kisha anashika kipaza sauti na kueleza kwa Kiswahili yanayopita pale. Safari hii alisema ameletewa picha ya hadithi, imetolewa katika kitabu cha zamani cha Waingereza, na yeye hana maelezo yake. Maelezo aliyonayo ni ya mbu. Aliponitajia Edwini na Dorothi nilicheka peke yangu. Mwalimu mkuu akaniambia nimsaidie, maana mji mzima ni mimi tu niliyebaki na kitabu kile. Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kipaza sauti. Sikukiomba.

Kabla ya kuanza Ambrosi alininong'oneza jambo moja nisije nikababaika. Picha hizi, kabla ya kuletwa kwetu, hupitishwa mkasi Dar es Salaam. Wazungu wakikumbatiana au kubusiana, kipande hicho hukatwa kikatupwa, ili Waafrika wasije wakawaona wakubwa wao katika hali ile wakawapunguzia heshima. Alisema mwisho wa picha hii umekatwa vibaya kuliko zote alizobeba, na kwamba atakayeeleza itabidi azibe pengo kwa ulimi wake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kitabu ninacho kichwani.

Ungekuwepo ungekasirika, ndugu yangu. Dorothi wa kitabu ana jino lililovunjika na mikono iliyochubuka kwa kufua. Wa sinema meno yake yanameta, na anafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Katika kitabu, miaka ya kungoja ni mingi kiasi kwamba msomaji mwenyewe anachoka. Zinapita kurasa na kurasa Edwini hatajwi, na uchungu wake uko hapo hapo, katika kutotajwa. Katika sinema jani likaanguka, theluji ikanyesha, jani likaota tena, na miaka imekwisha kabla mtu hajamaliza kutafuna muwa wake. Wakapiga makofi. Kitabu kinakufanya ungoje. Sinema inakuonyesha mtu anayengoja, wewe umekaa kitako unakula karanga.

Lakini kilichonichoma ni Bwana Habati. Unakumbuka alivyo. Mtu mpole, anazungumza na nyuki wake, anamletea Dorothi nta ya mishumaa wakati wa baridi na hagusi hata kizingiti. Ana sura nzima yake peke yake, ndiyo iliyo bora katika kitabu chote, ingawa wewe uliisoma harakaharaka ili umfikie Edwini. Sinema imemfanya mtu mnene, mpumbavu, anakimbizwa na nyuki wake mwenyewe mpaka anatumbukia bwawani. Mji mzima ulicheka. Wanawake, waliokaa upande wao na buibui zao, walicheka mpaka wakapangusa machozi. Nikaisikia sauti ya Mwahija kati yao, naijua, nimeisikiliza miaka kupitia jamvi. Alikuwa anamcheka Habati. Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi, nikaona hasira imenipanda.

Ikafika mwisho. Mlango unagongwa. Dorothi anafungua, Edwini yuko pale na ndevu na mkoba. Kikapu kinamdondoka Dorothi mikononi. Na hapo hapo mkasi ukapita. Kufumba na kufumbua, Dorothi amekaa dirishani peke yake, machozi yanamtiririka, nje nyuki wanavuma, muziki unapanda, kwisha. Ambrosi alikuwa amenieleza kwamba machozi yale ni ya furaha, na kwamba kilichokatwa ni kumbatio refu la kutia haya. Kitabu nacho, unajua, kinasema hivyo hivyo. Edwini amerudi na wameoana. Pale mwisho, sinema na kitabu vilikuwa vimekubaliana.

Watu hawakujua hayo. Wote waligeukia upande wangu, wanangoja niseme. Nikasema. Niliwaambia kwamba Edwini alifika mlangoni, akamtazama Dorothi, akaona amekwisha kuchakaa, akageuka akarudi alikotoka. Nikawaambia Dorothi alilia siku ile moja, kisha akaolewa na Bwana Habati, akaishi naye kwa amani. Bibi mmoja akamlaani Edwini na ukoo wake. Upande wa wanawake buibui moja ikasimama, ikaondoka kabla mashine haijazimwa.

Ningeweza kukuandikia kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza.

Kesho yake Bi Sada akaniita, akanitaka nije na kitabu. Nilikikuta kibaraza kama ulivyokiacha, jamvi limetundikwa, ukili chini. Mwahija akaniuliza kutoka ndani kama sinema na kitabu ni neno moja. Sikiliza, Kibwana. Nilikuwa nimeshinda asubuhi nzima shuleni nikiwaeleza walimu wenzangu makosa ya ile sinema, jino, theluji, nyuki. Ningesema tu kwamba na mwisho nao wameukosea, ingetosha. Mwahija angecheka, angeendelea kukungoja, na leo angekuwa anajipaka dalia kwa ajili yako.

Nikakaa pale ulipokuwa ukikaa wewe. Nikafungua sura ya mwisho nikasoma kama ulivyokuwa ukisoma, Kiingereza kwanza, kwa sauti, kisha Kiswahili. Kiingereza nilikisoma kama kilivyoandikwa. Sikuruka hata neno, maana sikuweza kutunga Kiingereza papo hapo, na tena sikuona haja. Edwini anavua kofia, anasema amechelewa, Dorothi anamwambia chakula hakijapoa. Nami nageuza, kwamba Edwini hakuvua kofia, na Dorothi alikula peke yake. Kiingereza changu kilikuwa kinawaoza na Kiswahili changu kinawaachanisha, na mwenye kusikiliza vyote viwili alikuwa nyuma ya jamvi. Bi Sada safari hii hakukohoa.

Nilipomaliza, Mwahija alilifunua jamvi akatoka, uso wazi, akanitazama. Hakuwa analia. Aliniuliza swali moja tu, kama nimesoma kwa nafsi yangu mimi Maftaha au nimesoma kama mshenga. Nikaona ni swali la ajabu. Nikamjibu nimesoma kama mshenga, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kujibu katika nyumba ile. Akaingia ndani.

Siku chache baadaye Bi Sada akanirudishia vitu vya posa yako, vimekunjwa vizuri, na akawaambia watu kwamba Kibwana bin Kondo amejitoa. Sikuwa nimesema hivyo. Wala sikukanusha. Nilidhani hadithi imefanya kazi yake, na nakwambia kweli, nilijivuna. Nilijiona nimeshinda mtu kwa kitabu chake mwenyewe. Habari zilipofika Pande mama yako alikuja kwa Bi Sada kuomba radhi kwa ajili yako, akalia mbele za watu, akasema hakukuzaa uje umtie aibu ya namna hiyo. Kisha akaja kwangu, kwa kuwa barua zake zote mimi ndiye ninayemwandikia, akataka nikuandikie matusi. Nikamshauri anyamaze tu, kunyamaza kunauma zaidi. Ndiyo sababu huna salamu zake.

Idi Kubwa ilipopita nikapeleka posa yangu. Bi Sada hakuuliza mengi. Mwahija naye alikubali siku hiyo hiyo. Tumeoana mwezi wa Mfunguo Nne, bila ngoma kubwa. Sasa umejua.

Usiitupe barua, bado hujafika.

Ilipokuja barua yako ya likizo, Mwahija aliuona mhuri wa Kigoma. Hakuuliza imesema nini. Aliniletea kitabu na kunitaka nimsomee tena sura ya mwisho, Kiingereza peke yake, Kiswahili niache. Nikasoma. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye hajui Kiingereza lakini majina ya watu anayajua. Katika sura nzima amemsikia Edwini, amemsikia Dorothi, Edwini tena, na mwisho kabisa wote wawili pamoja. Jina la Habati hakulisikia hata mara moja. Akaniuliza ni ndoa gani hiyo ambayo bwana harusi hatajwi. Na akasema hakuligundua leo. Aliligundua siku ile ile ya kwanza, nyuma ya jamvi.

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini basi alikubali kuolewa nami. Akanishangaa. Akaniambia mshenga huwa anasema ya aliyemtuma, na ndiyo maana aliniuliza siku ile nimesoma kama nani. Nilipojibu nimesoma kama mshenga, alielewa. Alielewa kwamba wewe ndiye uliyeandika kutoka Kigoma, ukanituma nimgeuzie mwisho, kwa kuwa ulimwahidi mwisho na sasa humtaki tena. Alisema hakuwahi kumsikia mwanamume aliyemwacha mwanamke kwa namna ya adabu kiasi kile, na ya woga kiasi kile. Akaniuliza kama alikosea.

Hapo, Kibwana, nilifunguliwa mlango wa pili. Wa kwanza ulikuwa ule wa kusema sinema imekosea. Huu ulikuwa wa kusema hukunituma, kwamba uongo ule ulikuwa wangu tangu kwenye kipaza sauti. Alikuwa amekaa karibu nami, goti lake limegusa mkeka wangu, ananitazama. Nikamwambia hakukosea. Nikamwambia ulinituma, na barua hii mpya inauliza tu kama amesikia, na kwamba utamletea vitenge vya kumtaka radhi.

Akatikisa kichwa. Akachukua kitabu mkononi mwangu, akazing'oa zile kurasa za mwisho taratibu, asiharibu nyingine. Asubuhi alizitumia kuwashia moto wa chai. Chai ile niliinywa.

Usidhani nimestarehe. Mke wangu anapika vizuri, anafagia, ananipa shikamoo mama yangu anapokuwepo ili aonekane ana adabu, na tangu aingie nyumbani kwangu sijamsikia akicheka. Mara ya mwisho kumsikia akicheka ni siku ile nyuki walipomtumbukiza Habati bwawani. Nimekuandikia yote kwa sababu humu mjini hamna mtu wa kumwambia, na kwa sababu sitaki uje huku ukijifariji kwamba ulisahauliwa. Hukusahauliwa hata siku moja. Alikungoja mpaka dakika aliyodhani ni wewe uliyemkataa, na anadhani hivyo mpaka leo. Hilo ni lako, lala nalo. Ukija, njoo, mji ni wa wote. Lakini yeye sasa ni mke wa mtu, huwezi kukaa barazani kwake ukasema naye, na neno lolote utakalotaka limfikie litabidi lipitie kwangu.

Nisalimie rafiki zako wa stesheni wote. Bi Sada anakusalimu shingo upande. Walimu wenzangu wanakusalimu na wanauliza kama huko Kigoma mnaonyeshwa sinema. Mwahija hajakutumia salamu, amenituma jawabu, na nalifikisha neno kwa neno kama nilivyofikisha yako yote. Anasema mwisho ameusikia, na vitenge umpe mwingine.

Ni mimi nduguyo, na bado mshenga wako,

Maftaha bin Tawakali